Sarafu ya Tembo ya Tabora

Somo letu la leo ni juu ya sarafu iliyotengenezwa hapa Tabora.

Zamani, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipopita hapa, watu walinunua vitu kwa nguo, shanga na waya. Baadaye Wajerumani walileta rupia na heler. Ndiyo asili ya neno letu "hela". Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani. Fedha kutoka Ulaya zikakatika. Basi mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu zao katika karakana ya reli, Tabora. Ndogo zilikuwa za shaba. Kubwa ilikuwa ya dhahabu ya Sekenke, thamani yake rupia 15, nayo ina picha ya tembo. Zilipigwa kama 16,000 tu. Septemba mwaka ule Wabelgiji wakauteka mji.

Kwa kuwa ni chache, wakusanyaji wa sarafu wa nchi nyingi huzitafuta. Tangu miaka ya 1980, kampuni za Marekani hupima ubora wa sarafu kwa alama 1 hadi 70, kisha huifunga ndani ya kikasha cha plastiki. Hata vikasha vya miaka ile ya kwanza vinatafutwa, maana wengi huamini wapimaji wa mwanzo walikuwa wakali zaidi.

Sikilizeni sana: sarafu iliyosuguliwa hupungua thamani. Ukiikuta sandukuni mwa bibi, usiisugue kwa majivu, wala usikimbilie kumwuzia sonara kwa mzani. Uliza kwanza.

Swali: Kwa nini sarafu zilipigwa Tabora? Andikeni jibu daftarini.