New Zealand: Kuusoma utabiri wa hewa katika siku za baridi za mwisho wa Mei

Nchini New Zealand, ng'ambo ya Bahari ya Tasman, majira ya kupukutika majani huanza tarehe 1 Machi na kumalizika tarehe 31 Mei. Wako wanaoyaita vuli, jina linaloweza kumchanganya msikilizaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mwishoni mwa Mei, jua la Christchurch huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kutua mara tu baada ya saa kumi na moja jioni.

Jambo la kwanza la kutazamwa katika utabiri wa mji huo ni upepo, kabla hata ya nyuzi za joto. Upepo huitwa kwa upande utokako, kama kaskazi na kusi zinavyoitwa pwani. Upepo wa kaskazini-magharibi hupanda Milima ya Alps ya Kusini, yenye kilele cha Aoraki kifikacho mita 3,724, humwaga mvua upande wa magharibi, kisha huteremkia tambarare za Canterbury ukiwa mkavu na wenye joto. Nyuma yake mara nyingi hufuata upepo wa kusini utokao bahari ya baridi iliyo kuelekea Antaktika, na joto laweza kuanguka kwa nyuzi 10 katika muda mfupi. Kwa hiyo utabiri usemao nyuzi 16, na upepo kugeuka wa kusini mchana, hauahidi jioni yenye joto. Nyuzi 16 ni za kabla ya mgeuko. Mtoto aliyekwenda shule na fulana atarudi akitetemeka.

Upepo ukitulia na mawingu yakiondoka, huja usiku mzuri wa kutazama nyota, na hapo ndipo hatari ilipo. Ardhi isiyofunikwa na mawingu hupoteza joto lake upesi. Kipimajoto cha wataalamu huwekwa zaidi ya mita moja juu ya ardhi, na hewa iliyo karibu na majani huwa baridi zaidi. Ndiyo sababu sakitu huonekana bustanini ingawa utabiri ulitaja nyuzi 2. Barabarani maji huganda yakawa barafu nyembamba isiyoonekana, hasa juu ya madaraja. Jua la huko hupita upande wa kaskazini, hivyo barabara iliyo upande wa kusini wa kilima yaweza kukaa kivulini mchana kutwa, na barafu yake isiyeyuke hata saa sita.

Utabiri hutoa pia joto linalohisiwa mwilini, ambalo huzingatia upepo. Tarakimu hiyo inahusu ngozi ya binadamu. Upepo hauwezi kulipoza bomba la maji au gari kupita hewa yenyewe.

Taasisi ya utabiri, MetService, hutoa tahadhari za rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu, ya mwisho ikiwa ndiyo nzito kupita zote. Hutoa pia maonyo ya theluji kwa njia za milimani, kama Arthur's Pass, yenye mita 920, na Desert Road ya Kisiwa cha Kaskazini, ambayo hupanda zaidi ya mita 1,000. Msafiri aangalie njia atakayopita, si mji aendako pekee: Christchurch yaweza kuwa na manyunyu tu huku njia ya mlimani imefungwa.

Ndani ya nyumba, Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto lisilopungua nyuzi 18. Sheria ya New Zealand inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke sebuleni kifaa cha kudumu kiwezacho kufikisha kiwango hicho, na tangu tarehe 1 Julai 2025 sharti hilo linazihusu nyumba zote za kupanga za watu binafsi. Mpangaji asiye na kifaa hicho ana haki ya kukidai. Jiko la mkaa, ambalo kwa wengi ni kumbukumbu ya nyumbani, lisiingizwe chumbani kamwe kwa ajili ya kuota moto. Hewa ya kaboni monoksidi itokayo humo haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Anayehisi kichwa kuuma na kizunguzungu atoke nje mara moja na kupiga 111.