Harufu ya petroli kwenye gari: fahamu mfumo unaozuia mvuke wa mafuta

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa, na jua kali huuongeza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini. Unaweza kufika kwenye jiko la jirani, ukawaka na kurudisha moto hadi kwenye gari. Pia una benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Ndiyo maana magari mengi ya petroli yana mfumo wa kuunasa mvuke. Jimbo la California, Marekani, liliulazimisha kwa magari mapya kuanzia ya mwaka 1970.

Unafanyaje kazi?

1. Mfuniko wa tangi huzuia mvuke usitoke.
2. Mvuke hupita kwenye paipu hadi kwenye kopo lenye mkaa maalumu. Mkaa huo una vitundu vidogo sana vinavyoushika.
3. Injini ikishapata joto, kompyuta ya gari hufungua vali. Injini huvuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, na mvuke huenda kuchomwa ndani ya injini pamoja na mafuta mengine.

Unachopaswa kufanya

- Ukisikia harufu ya petroli gari likiwa limeegeshwa, usiliwashe. Ondoa moto na sigara karibu, kisha mwite fundi.
- Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kagua kwanza mfuniko wa tangi. Ukiwa umelegea, ukaze. Huenda taa ikachukua siku kadhaa za kuendesha kabla ya kuzima. Isipozima, nenda gereji.
- Pampu ya kituo cha mafuta ikijizima yenyewe, usiongeze. Petroli ikiingia kwenye kopo, mkaa huharibika, na gari linaweza kusumbua kuwaka kila baada ya kujaza.
- Fundi akitaka kuling'oa kopo au kuziba paipu zake, mwulize mvuke utapita wapi. Tangi linahitaji kupumua.

Vipi kuhusu jerikeni?

Jerikeni na chupa za petroli hazina mkaa wa kunasa mvuke. Ukihifadhi au kuuza petroli, tumia chombo kinachofunga vizuri, kiweke kivulini, mbali na jiko, taa ya moto na chumba cha kulala. Usimimine petroli ndani ya nyumba, wala karibu na mtu anayepika.