Kuzoea Sura
Mwaka 1974, nilipoanza sekondari Dar es Salaam, wanafunzi wa Kihindi kwangu walikuwa kama pacha. Nikamdai mmoja shilingi tano nilizomkopesha mwenzake. Alicheka, akasema nao hutuchanganya sisi.

Mwaka 1969 Malpass na Kravitz, huko Marekani, walikwisha kulipima jambo hili. Si mzaha: mwaka 1985 Mmarekani mweusi, Ronald Cotton, alifungwa baada ya mwanamke mzungu aliyebakwa kumfananisha na mbakaji. Vipimo vya vinasaba vilimtoa gerezani mwaka 1995.

Wala si damu. Mwaka 2005 ilionekana kuwa Wakorea waliolelewa na familia za Ufaransa tangu utotoni walitambua zaidi sura za Kizungu.

Yule niliyemdai tukawa marafiki, nikamjua hata kwa kisogo. Binamu zake, nakiri, niliendelea kuwachanganya.