Usalama wa Mafundi wa Rangi katika Majengo ya Zamani: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Miti, Kivu ya Kusini

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Bukavu kuelekea uwanja wa ndege wa Kavumu hupitia Miti, katika Kabare, mahali barabara inapogawanyika: moja hupanda kuelekea Mbuga ya Kahuzi-Biega na Bunyakiri, nyingine huendelea kaskazini hadi Katana. Sehemu hizi zina majengo mengi ya enzi ya Wabelgiji, kama vile yale ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu na ya taasisi ya sayansi ya Lwiro, ambayo asili yake ni mwaka 1947. Bukavu kwenyewe, mji ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, nyumba za wakati huo bado zinakaliwa. Ili zidumu, hapana budi zikwanguliwe, zizibwe nyufa na kupakwa rangi upya. Makala haya yanamjadili mtu afanyaye kazi hiyo. Hoja yetu ni kwamba hatari ya kuanguka ilitambuliwa na kupewa sheria, ilhali hatari ya vumbi la rangi kuukuu, ingawa ilitajwa mapema zaidi, haikuwafikia mafundi. Na kwamba lugha nayo ina sehemu yake katika jambo hili.

2. Mikataba miwili

Madhara ya risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu, yalijulikana zamani. Tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alieleza maradhi ya wachoraji na wapaka rangi katika kitabu chake cha mwaka 1700 juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Hata hivyo, unga mweupe wa risasi uliendelea kupendwa, kwa kuwa ulifunika ukuta vizuri na kustahimili mvua. Fundi aliyeuvuta au kuumeza aliumwa tumbo, akapungukiwa damu, na hatimaye viganja vyake vikalegea asiweze kuinua brashi.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 13, uliokataza unga huo katika kupaka rangi ndani ya majengo, isipokuwa mahali maalumu kama vituo vya reli na viwanda. Mkataba uliwazuia wanawake wote, na wanaume walio chini ya umri wa miaka 18, kufanya kazi ya namna hiyo viwandani. Uliagiza pia mafundi wapewe maji ya kunawa na mavazi ya kazi. Yafaa kusisitiza kwamba uliagiza hatua zichukuliwe dhidi ya vumbi litokanalo na kukwangua na kusugua rangi kavu. Ubelgiji iliuridhia mwaka 1926. Uingereza haikuuridhia, mwaka huohuo ilitunga sheria yake yenyewe. Makoloni mengi ya Ufaransa yaliurithi yalipopata uhuru.

Mwaka 1937 ulikuja Mkataba wa 62 kuhusu usalama katika ujenzi. Huu ulihusu majukwaa ya kazi, ngazi na vyombo vya kunyanyulia mizigo. Kazi isiyoweza kufanywa salama juu ya ngazi ilitakiwa ijengewe jukwaa madhubuti. Kongo iliukubali mwaka 1960, mwaka wa uhuru wake. Basi katika orodha ya mikataba iliyoridhiwa na Kongo, ule wa majukwaa umo. Ule wa rangi haumo.

3. Hatari ionekanayo na ile isiyoonekana

Tofauti hiyo si ya bahati tu. Anayeanguka huonekana na watu wote, saa ileile. Mfano wa karibuni ni wa Zanzibar: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu 2 wakafariki. Habari zilienea siku hiyohiyo. Vumbi la rangi halina siku yake. Risasi hujilimbikiza mifupani kwa miaka, na fundi anayeugua uzeeni hawezi kutaja ukuta uliomdhuru. Aidha vumbi hufuata nguo hadi nyumbani, ambako watoto hudhurika zaidi kuliko baba yao.

Rangi yenye risasi haikwisha pamoja na ukoloni. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Katika Afrika Mashariki kiwango cha juu cha sehemu 90 katika kila milioni kiliwekwa miaka ya 2010, baada ya vipimo kuonyesha kwamba rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani Kenya na Tanzania zilikizidi. Kwa hiyo si jengo la Mbelgiji peke yake la kuhofiwa. Mlango wowote wenye matabaka ya rangi za mafuta za zamani uchukuliwe kuwa na risasi mpaka upimwe.

4. Suala la neno

Katika Kiswahili sanifu, madini haya huitwa risasi. Lakini huko Kivu, ambako vita vimewasumbua raia tangu mwaka 1996, neno hilo lina maana moja inayotangulia nyingine zote. Mwambie kibarua wa Miti kwamba ukuta una risasi, naye atatafuta tundu. Onyo lililo sahihi katika kamusi laweza kuwa bubu mahali pa kazi. Tunapendekeza onyo litaje kitu kinachojulikana: "sumu ya madini yaliyomo ndani ya betri ya gari."

5. Hitimisho

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Lakini aghalabu kibarua wa rangi huajiriwa kwa siku, bila mkataba wa maandishi, na mwenye tenda humhesabia mita alizomaliza. Hatua zinazohitajika si ghali: rangi iloweshwe kabla ya kukwanguliwa, isiunguzwe kwa moto, sakafu itandikwe plastiki, mabaki yasitupwe shambani wala karibu na kisima, mikono na uso vioshwe kabla ya kula, nguo za kazi zibaki kazini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, kwani vumbi jembamba hupita. Gharama ya maji, sabuni na barakoa ya kufaa iandikwe katika hesabu ya kazi kama inavyoandikwa bei ya rangi, ili isikatwe kwenye ujira wa kibarua. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu jambo hili liandikwe Geneva. Wajibu wa wanalugha ni kulisema kwa maneno ambayo aliye juu ya ngazi atayaelewa.