Dai Moja na Mizani ya Pamba

Katika Kiswahili mtu hudai fedha zake, na mtu hudai kwamba jambo fulani ni kweli. Kitenzi ni kimoja. Watunga kamusi huzitenga maana hizo mbili kwa nambari, lakini kwa mwandishi wa insha ya historia ni afadhali zikae pamoja. Mtu anayedai ng'ombe wake mbele ya wazee wa kijiji hana budi kusema ni ng'ombe yupi, yumo zizini kwa nani, alifikaje huko, na kwa nini arudishwe. Akisimama akaanza kueleza kwamba mambo ya ng'ombe ni mengi, yapo ya malisho, yapo ya maji, yapo ya mahari, ataambiwa akae chini ili mwingine azungumze.

Nilifundisha historia katika vyuo vya ualimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya insha zilizopita mikononi mwangu ziliandikwa na huyo anayeambiwa akae. Hazikuwa insha za wavivu. Ziliandikwa kwa mwandiko mzuri, zenye tarehe sahihi, na kila aya ilianza kwa "sababu ya kwanza", "sababu ya pili", hadi ya saba, kisha mwandishi akahitimisha kwamba sababu zilikuwa nyingi. Ndugu msomaji, vijana hawa hawakujitungia mtindo huo. Mitihani yetu hutoa alama kwa kila hoja inayotajwa, na mwanafunzi mwenye akili hugundua mapema kwamba hoja sita zilizotajwa zinalipa kuliko moja iliyopiganiwa.

Mimi ni mtu wa Migato. Siku hizi kata yetu imo katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, na wazee wetu walijiita watu wa Maswa. Serikali zimebadilisha majina, pamba imebaki. Kwa hiyo swali nililopenda kuwapa wanafunzi wangu lilikuwa la pamba: kwa nini ushirika ulishika mizizi Usukuma katika miaka ya 1950, na kwa haraka vile?

Yanayojulikana ni haya. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, kutia samadi, kupanda muhogo wa akiba na kupunguza mifugo, na aliyekaidi alitozwa faini. Pamba iliongezeka. Ununuzi wake, hata hivyo, ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia waliomiliki vinu vya kuichambua, na malalamiko makubwa ya wakulima yalihusu mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikaanza vyama vya wakulima katika Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililojulikana kwa kifupi VFCU, meneja wake akiwa Paul Bomani. Ilipokaribia Uhuru, shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba ya eneo lote na linamiliki vinu vyake lenyewe. Katika miaka hiyo hiyo, tangu 1954 hadi 1958, chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi Usukuma.

Ukiwa na mambo hayo unaweza kuandika orodha nzuri sana. Mwaka 1997 niliipata moja kutoka kwa binti mmoja ambaye, kwa bahati, naye alitoka Migato. Alikuwa na sababu nane. Nilimwita nikamuuliza, "Binti yangu, hapa unamdai nani?" Alidhani nazungumzia karo. Nilipomfafanulia alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nani wa kumdai mtu katika historia? Vitabu vimeshasema."

Jibu hilo lilinihuzunisha kuliko insha yenyewe, maana nchi yetu ni mojawapo ya mahali ambapo wanafunzi walidai, tena wakasikika.

Nikamsimulia habari za Dar es Salaam. Mwaka 1969, kabla hajaondoka kwenda Marekani, Profesa Terence Ranger alitoa mhadhara akidai kwamba kazi ya mwanahistoria wa Tanzania ni kuurudisha mahali pake uwezo wa Waafrika wa kuanzisha mambo yao wenyewe. Mwaka huo huo Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichojengwa juu ya dai la namna hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji, wakarudi na kuandika, kila mmoja juu ya sehemu yake. Zile zilikuwa insha za chuo kama hizi nilizokuwa nasahihisha mimi. Wasomi wanazitumia hadi leo.

Na tazama jinsi dai linavyofanya kazi. John Iliffe, aliyekuwa akifundisha hapo, aliandika mwaka 1967 kuhusu jinsi vita vile vilivyopangwa. Angeweza kuorodhesha: kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ukatili wa maakida. Badala yake alidai kwamba vita vilianza kama manung'uniko ya wakulima, vikaenea mbali kwa sababu imani ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, kisha, vilivyozidi kuenea, vikarudia kupiganwa kwa misingi ya kila kabila. Dai kama hilo lina mifupa. Unaweza kulishika na kujaribu kulivunja, na waliokuja baadaye wamelijaribu. Katika miaka ya 1990 Thaddeus Sunseri alisisitiza njaa na nguruwe mwitu waliokuwa wakila mashamba, na Jamie Monson akaonyesha kwamba kule nyanda za juu za kusini watu walipigana kwa sababu za uhusiano wao na majirani. Lau Iliffe angetoa orodha, hawa wote wasingepata pa kugonga.

Hata hoja ya Ranger haikuachwa ipite. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper walishambulia hadharani, wakisema wanahistoria wa Dar es Salaam wamevaa macho ya wanasiasa wa utaifa. Ranger akawajibu mwaka uliofuata. Wakati huo Walter Rodney, kijana wa Guyana aliyekuwa akifundisha nasi, alikuwa anaandaa dai lililo tofauti kabisa: kwamba Ulaya ndiyo iliyoirudisha Afrika nyuma, na kwamba mazao ya biashara kama pamba yalikuwa mlango wa kutokea utajiri wetu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa London na Dar es Salaam. Naye Issa Shivji, akiwa anahitimu masomo yake ya sheria, alichapisha katika gazeti la wanafunzi, *Cheche*, mwaka 1970, maandishi marefu yaliyouliza ni tabaka gani hasa lililokuwa linafaidi baada ya viwanda na mabenki kutaifishwa. Kabla mwaka haujaisha gazeti lilipigwa marufuku. Sijasikia gazeti la wanafunzi lililofungwa kwa kuorodhesha sababu nane.

Binti alisikiliza, kisha akauliza swali la maana: katika madai hayo, pamba ya Migato iko wapi?

Tukakaa nalo. Ukimfuata afisa wa kilimo wa Malya, dai ni kwamba ushirika ulikuwa tunda la mpango wa serikali, kwa kuwa serikali ndiyo iliyoongeza pamba na kuviandikisha vyama. Ukimfuata Ranger, ushirika ni kazi ya wakulima wenyewe. Ukimfuata Rodney, swali linageuka: ushirika ulimwondoa dalali mmoja, lakini pamba iliendelea kupanda meli, na bei iliendelea kupangwa na watu wasiojua Migato iko wapi. Matukio ni yale yale katika hesabu zote tatu, ila watu wanaoonekana si wale wale. Katika ya kwanza namwona afisa na faili lake, na baba yangu haonekani kabisa. Nakiri kwamba jambo hili linanigusa, maana baba alilima pamba tangu kabla sijazaliwa.

Likizo iliyofuata alikwenda nyumbani na daftari. Nilimshauri asiwaulize wazee kwa nini ushirika ulianza, kwa sababu nao wamekwisha jifunza kutoa orodha. Awaulize walifanya nini siku ya kuuza. Alirudi na maelezo ya babu yake, ambaye alikuwa kijana wakati huo. Mzee alisimulia jinsi karani alivyosoma mizani akiwa ameikinga kwa mgongo wake, na jinsi pamba safi ilivyoitwa fifi mkulima alipobisha. Kisha wakulima wakachagua mtu wao, kijana anayejua kusoma tarakimu, wakampa pamba kidogo kila mmoja kama ujira, na kazi yake ikawa kupima kila mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi. "Karani alipotaja ratili," mzee alisema, "sisi tulikuwa tumekwisha zijua."

Habari ya wapimaji hawa inajulikana sehemu nyingine za Jimbo la Ziwa. Walitangulia ushirika wenyewe. Binti alifurahi akaandika kwamba ushirika wa pamba ulianzishwa na wakulima wa vijijini. Tayari alikuwa anadai. Hata hivyo hakuwa amemjibu mpinzani, na mpinzani alikuwa na shahidi mzito: Bomani mwenyewe alitokea katika chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza, na wengi wa waanzilishi walikuwa watu wa maduka. Mtu angesema kwamba wenye maduka waliwatumia wakulima ili kuwaondoa washindani wao wa Kiasia.

Hapa wanafunzi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Huuficha ushahidi huo, au huongeza aya isemayo "kwa upande mwingine" na kuliua dai lao kwa mkono wao wenyewe. Yeye alikaa na karatasi zake wiki mbili. Alichokileta kilikuwa na sentensi hii, ambayo niliinakili katika daftari langu: kwamba wafanyabiashara wa Mwanza waliupa ushirika uongozi na lugha ya kuzungumza na serikali, lakini kilichoubeba vijijini ni mizani inayosomwa mbele ya mkulima, na nguvu yake ilipungua kila mizani ilipoondolewa machoni pake.

Nilipenda neno "kila". Lilimfunga. Sasa alipaswa kueleza kwa dai hilo hilo yaliyotokea baada ya Uhuru, wakati ushirika ulipokuwa hauna mshindani. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama nchini ikakuta wizi, watumishi wengi kupita kiasi, na wanachama wasioelewa makato ya pamba yao. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika vyote, na mashirika ya umma yakanunua mazao kijijini moja kwa moja. Sheria ya 1982 ilivirudisha. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Katika kila hatua alijiuliza jambo moja: nani alisimama kando ya mizani, na mkulima aliona nini? Ukurasa wake kuhusu 1976 ulikuwa mzuri kuliko yote. Alionyesha kwamba nchi nzima ilizungumzia siasa ya ujamaa wakati babu yake alizungumzia stakabadhi za mkopo, pamba ikiwa imechukuliwa leo na fedha haijulikani zitakuja lini.

Aliandika kurasa kumi na moja, hakuna "sababu ya kwanza" hata moja. Nilimpa B. Alikuja ofisini na uso uliokunjamana, na babu yake, niliyemkuta Migato mwaka huo huo wakati wa mavuno, naye aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, mjukuu wangu alipunjwa wapi?" Nilimjibu kama nilivyomjibu yeye. Katika ukurasa wa nane alidai kwamba wakulima waliokata tamaa na ushirika hawakusukumwa na bei hata kidogo, ila mizani tu, na hakuleta bei ya msimu hata mmoja. Mzee alicheka sana. Binti hakucheka. Aliichukua insha yake na kwenda kutafuta bei.