Michoro ya miambani ya Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa ni michoro ya kale iliyo kwenye kuta za mapango na miamba mkoani Dodoma, Tanzania, katika miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Mwaka 2006 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Aina

Michoro hugawanywa kwa rangi. Myekundu ni ya kale zaidi: inaonyesha twiga, tembo, pofu na watu wembamba, na huhusishwa na wawindaji. Myeupe ilifuata, pengine juu ya ile myekundu, na huhusishwa na wakulima.

Utafiti

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro mingi. Nakala zake zilitolewa katika kitabu mwaka 1983.

Matambiko na hifadhi

Kwa wenyeji, baadhi ya miamba bado ni mahali pa ibada. Huko Mungomi wa Kolo hufanyika matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Pombe ya mtama na mafuta ya wanyama yanayorushwa ukutani huharibu rangi. Hata hivyo, matambiko hayohayo ni sehemu ya urithi unaolindwa, kwa hiyo kuyapiga marufuku kungeokoa rangi na kupoteza uhai wa mahali penyewe.