Kompyuta huria na kipande kisichosomeka: nani huamsha RAM?

Msikilizaji, ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, kuna programu ndogo inayoamka kabla ya Windows au Linux. Hukaa kwenye chipu ya ubao mkuu, huviamsha vifaa vingine, kisha hukabidhi usukani.

Mwaka 1999, Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianza kuandika programu huria ya aina hiyo, yaani inayoruhusu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Waliiita LinuxBIOS, tangu 2008 inaitwa coreboot. Leo imo ndani ya Chromebook.

Hata hivyo, kwenye kompyuta nyingi mpya zenye prosesa za Intel, coreboot hubeba ndani yake kipande kilichofungwa cha Intel kiitwacho FSP. Hicho ndicho huamsha RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi.

Kwa nini kazi hiyo ni ngumu? Data hupita kati ya prosesa na RAM kwa kasi kubwa mno, na muda wa kutuma na kupokea lazima ulingane barabara. Programu hujaribu na kurekebisha hadi ipate mahali sahihi, kama unavyozungusha kitufe cha redio kututafuta: ukipitiliza kidogo, ni mkwaruzo tu. Tena hufanya hivyo RAM ikiwa bado imelala, ikitumia akiba ndogo iliyo ndani ya prosesa.

Wanaojitolea walichunguza kipande cha prosesa za Sandy Bridge na Ivy Bridge, wakaandika mbadala huria. Ndiyo maana ThinkPad X230 ya mwaka 2012 inaweza kuamsha RAM bila kipande hicho, ingawa bado ina sehemu nyingine iliyofungwa, Management Engine.

Hili linatuhusu vipi? Kipande kisichosomeka hakikaguliki na watu wa nje. Kikiwa na kasoro, ni mwenye nacho tu wa kukirekebisha. Akiacha kukihudumia, mnunuzi wa kompyuta ya mtumba hubaki na kasoro hiyo.

Kwa hiyo, ukiambiwa kompyuta fulani ni huria kabisa, uliza swali moja: nani huamsha RAM yake?